Bodi za jipsamu kwa mikono yako: tepu ya karatasi au ya wavu, puti ya ndoo au ya unga?

Ukuta wa jipsamu haukuvunji moyo siku ya kufunga bodi. Siku hiyo kazi hukimbia: asubuhi una fremu tupu, jioni una chumba. Hukuvunja moyo siku rangi inapokauka, jua linapoingia dirishani na kuupiga ukuta kwa ubavu, na kila kiungo kikajitokeza kama mshipa wa mkono. Bodi hazina kosa. Zimetoka kiwandani zimenyooka. Kilichoharibika ni ile nafasi nyembamba kati ya bodi na bodi, na mara nyingi imeharibika kwa sababu mwenye nyumba alinunua tepu na puti, ule uji mzito wa kuziba viungo, bila kuuliza kama vinapatana.

Nimeshafunga na kumalizia vyumba vitatu kwa mikono yangu, cha kwanza kikiwa na makosa ambayo nitayaeleza. Nauweka msimamo wangu mapema ili ujue unasoma nini: anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza achague vifaa vinavyompa muda wa kurekebisha, hata kama vinachelewa kukauka. Fundi wa kila siku anapenda kinachoganda haraka kwa sababu mkono wake umeshazoea na ana nyumba nyingine inamsubiri. Wewe una ukuta mmoja, na utauangalia kwa miaka.

Tepu ya wavu na tepu ya karatasi

Tepu ndiyo inayozuia ufa. Puti peke yake, hata uipake nene kiasi gani, itapasuka mbao zinapovimba na kusinyaa au mlango unapobamizwa. Kwa hiyo swali si kama utatumia tepu, ni ipi.

Ya wavu imefumwa kwa nyuzi za kioo na ina gundi upande mmoja. Unaibandika kwenye kiungo kikavu kuanzia juu hadi chini, unakata, umemaliza. Dakika kumi na ukuta mzima umebandikwa. Haifanyi mapovu, kwa sababu puti hupenya kwenye matundu yake na kuingia hadi ndani ya kiungo. Mtu ambaye hajawahi kushika kisu cha puti huiona kama zawadi, na hata mimi niliiona hivyo.

Ya karatasi haina gundi. Lazima kwanza upake puti kwenye kiungo, ulaze tepu juu yake puti ikiwa bado mbichi, kisha upitishe kisu cha sentimita 15 kwa kukilaza kidogo, ukikandamiza hadi puti ya ziada itoke pembeni na kubaki tabaka jembamba chini ya karatasi. Ukikamua kupita kiasi, karatasi inakosa cha kushikia na baada ya siku moja unaona mapovu. Ukikamua kidogo, inabaki nundu. Mita tatu za kwanza zitakutoa jasho. Kufikia mita ya kumi mkono umeshaelewa.

Sasa tofauti ambayo haionekani dukani. Karatasi haivutiki. Ukiishika ncha mbili na kuivuta, inagoma mpaka ikatike. Wavu unalegea kidogo unapovutwa, na kulegea huko kunatosha kabisa kuruhusu ufa mwembamba kama unywele, hasa ukifunikwa na puti laini. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wanaelekeza kwamba tepu ya wavu ipakwe kwanza puti ya unga, ile inayoganda na kuwa ngumu, wala isiwe puti ya ndoo.

Mimi sikujua. Ukuta wangu wa kwanza niliubandika wavu na kuufunika kwa puti ya ndoo kuanzia tabaka la kwanza hadi la mwisho. Ulipendeza. Miezi michache baadaye ufa ukaanzia kwenye kona ya juu ya mlango ukapanda hadi darini, umenyooka kama umepigwa rula. Nilikuwa nimefanya makosa mawili mahali pamoja: tepu na puti zisizopatana, na kiungo cha bodi kilichoangukia sawasawa na kona ya mlango. Hapo ndipo ukuta unapochezacheza kuliko mahali pengine pote. Bodi inatakiwa ipite juu ya mlango na kukatwa kwa umbo la pembe ili kiungo kiangukie mbali na kona. Nilikwangua, nikapaka upya kwa tepu ya karatasi, na bado nililazimika kupaka rangi ukuta wote mara ya pili.

Kwenye kona za ndani, pale kuta mbili zinapokutana au ukuta unapokutana na dari, sina hata haja ya kulinganisha. Tepu ya karatasi ina mstari wa kukunjia katikati; ukiikunja inakaa kwenye kona kama ilizaliwa hapo. Wavu hukunjika kwa shida, na kisu kikiteleza kinaukata.

Wavu una mahali pake, nao ni kuziba matundu. Tundu la ngumi ukutani au nafasi iliyobaki kuzunguka sanduku la swichi huzibwa vizuri kwa wavu na puti ya unga, kazi ikaisha siku hiyohiyo.

Puti ya ndoo na puti ya unga

Zote mbili ni nyeupe na zote hupakwa kwa kisu kilekile, lakini zinakuwa ngumu kwa njia mbili tofauti kabisa. Ukilielewa hili, mengine yote yanajieleza.

Puti ya ndoo huja imeshachanganywa. Inakauka, basi: maji yanaondoka hewani na kilichobaki kinashikamana. Kwa hiyo inasinyaa. Ukijaza pengo la sentimita moja kwa puti ya ndoo, kesho utakuta limebonyea na pengine limepasuka katikati. Kwa hiyo pia inategemea hali ya hewa. Katika chumba chenye hewa kavu tabaka moja huchukua kama saa 24, na msimu wa mvua huchukua zaidi. Lakini faida yake kwa mgeni ni kubwa mno. Haina haraka na wewe. Ukiharibu, unakwangua na kurudisha kwenye ubao wa kushikia puti. Ukiitwa kwenye simu, unarudi na kuikuta ilivyo. Hata ikikauka, sponji yenye maji inailainisha tena, na msasa unaila bila shida.

Puti ya unga huuzwa kwenye mfuko na unaikoroga na maji mwenyewe. Hii haikauki tu, inaganda. Ndani yake mna plasta ya jipsamu iliyochomwa kiwandani ikapoteza sehemu kubwa ya maji yake. Ukiirudishia maji, fuwele mpya zinaota na kufungamana, nayo inakuwa ngumu hata kama hewa ina unyevunyevu. Mfuko huandikwa muda wa kufanyia kazi, kwa mfano dakika 20, 45 au 90. Haisinyai sana, hujaza mapengo, na inashika tepu kwa nguvu. Kwa mtu anayetaka kupaka tabaka mbili kwa siku moja, hakuna mfano wake.

Shida ni kwamba dakika hizo huhesabiwa kuanzia unapoichanganya na maji, uwe tayari au usiwe tayari. Ikianza kuganda, usiiongeze maji ili kuilainisha: unakata zile fuwele zilizoanza kufungamana, na puti unayopata ni dhaifu. Itupe. Jambo la pili, ambalo lilinigharimu nusu mfuko kabla ya kulijua, ni usafi wa ndoo. Mabaki ya puti iliyoganda yaliyo kwenye ndoo, kwenye kisu au kwenye maji huwa kama mbegu. Mchanganyiko mpya ukiyakuta, unaganda haraka zaidi ya muda ulioandikwa. Osha vyombo kila unapochanganya upya, na maji ya kuoshea usiyatumie kuchanganyia. Ikishaganda ukutani, karibu aina zote za puti hii hazilainiki tena kwa maji, na nyingi ni ngumu kwa msasa. Nundu uliyoiacha kwa uvivu leo utaisugua kesho hadi bega liume.

Mwanzoni chukua ya dakika 90, na uchanganye kidogo kidogo. Ya dakika 20 iache mpaka uweze kumaliza kiungo kizima bila kurudia.

Baada ya vyumba vitatu, mpangilio wangu ni huu. Puti ya unga inafanya kazi ya nguvu: kujaza mapengo yaliyozidi milimita tatu, na kulaza tepu kwenye viungo vigumu. Puti ya ndoo inafanya kazi ya uzuri: tabaka la pili na la tatu. Kwa anayeanza kabisa, hata tepu ya karatasi ailaze kwa puti ya ndoo kama mapengo yake ni madogo. Karatasi na puti ya ndoo vinapatana vizuri, na atakuwa na muda wa kunyanyua tepu na kuilaza upya ikienda upande. Usipake puti ya unga juu ya puti ya ndoo kama unaweza kuepuka. Kilicho kigumu kikikaa juu ya kilicho laini, siku ya msasa unakula cha chini na kuacha cha juu kimesimama.

Kusimamisha bodi au kuzilaza

Utasikia mafundi wakibishana hapa, na kila mmoja anaapa. Mimi naona jibu linapatikana kwa futi kamba. Hesabu mita za viungo, na utenganishe viungo vya aina mbili.

Bodi ina kingo mbili ndefu zilizopunguzwa unene kidogo. Mbili zikikutana, panakuwa na kijibonde ambamo tepu na puti hujificha. Ncha zake fupi hazikupunguzwa. Zikikutana, tepu inakaa juu ya uso wa ukuta na hakuna namna isipokuwa kuitandazia puti mpana sana, sentimita 50 hadi 60, ili macho yadanganyike. Kiungo kimoja cha ncha kinakula muda kuliko viwili vya kingo.

Chukua ukuta wa mita 3.6 kwa kimo cha mita 2.4, na bodi za kawaida za mita 1.2 kwa 2.4. Ukizisimamisha unahitaji tatu, na una viungo viwili vya mita 2.4, jumla mita 4.8, vyote vya kingo. Ukizilaza ni bodi tatu zilezile, lakini una kiungo kirefu cha mita 3.6 katikati, pamoja na viungo viwili vya ncha vya mita 1.2 kila kimoja. Jumla ni mita 6, na mita 2.4 kati yake ni za ile aina ngumu. Hapo kusimamisha kumeshinda bila ubishi.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: duka lina bodi za mita 3.6. Ukizilaza mbili, unabaki na kiungo kimoja cha mita 3.6, hakuna ncha hata moja, na kiko kwenye kimo cha kiuno chako, mahali mkono unapofanya kazi bila ngazi. Kulaza kunashinda. Gharama yake ni uzito. Bodi ya mita 2.4 yenye unene wa milimita 12.5 huwa na kilo 20 na ushee hadi karibu 30, kutegemea aina. Ya mita 3.6 ongeza nusu yake, na kuipitisha kwenye ngazi nyembamba au kona ya ukumbi ni mtihani. Pima njia kabla ya kununua.

Kulaza kuna fadhila nyingine: bodi inavuka nguzo nyingi za fremu, hivyo nguzo moja iliyopinda haionekani sana. Kusimamisha kunataka nguzo zilizopimwa barabara, maana kila ukingo lazima uangukie katikati ya nguzo. Nafasi za sentimita 40 au 60 zote zinagawa mita 1.2 vizuri, ila pima kutoka katikati ya nguzo hadi katikati ya nyingine, usipime mwanya ulio kati yake.

Kwa vyovyote vile, dari hufungwa kwanza, ili bodi za ukuta zije kuishikilia kwa chini. Na acha kama sentimita moja kutoka sakafuni. Jipsamu hunyonya maji ya deki kama utambi, na hiyo nafasi itafunikwa na ubao wa chini ya ukuta.

Fremu, skrubu na bodi yenyewe

Hapa sichukui muda. Fremu ya chuma imenyooka, haiwi chakula cha mchwa, na haisinyai. Ya mbao inakatika na kupigika kwa vifaa ulivyo navyo, na inashika kabati zito bila maandalizi. Ukichagua chuma, weka vipande vya mbao ndani ya ukuta pale utakapotundika kitu kizito, kabla hujafunga bodi. Piga picha ukuta ukiwa wazi, ukiwa na futi kamba ndani ya picha. Utanishukuru.

Misumari iache. Mbao zikikauka zinaisukuma nje na vichwa vinatokeza chini ya rangi. Skrubu zenye meno membamba ni za chuma, zenye meno mapana ni za mbao. Kwa bodi ya milimita 12.5, urefu wa milimita 25 unatosha kwenye chuma, na 32 au zaidi kidogo kwenye mbao. Kichwa kiingie chini ya uso wa karatasi bila kuipasua, kwa sababu karatasi ndiyo inayoshika skrubu; jipsamu ya ndani ni laini kama chaki. Ikipasuka, piga nyingine sentimita tano pembeni na uitoe ile ya kwanza.

Bodi ya kawaida inatosha vyumba vya kulala na sebule. Ya kuhimili unyevu mara nyingi ni ya kijani, lakini rangi hutofautiana kati ya viwanda, kwa hiyo soma maandishi. Inahimili unyevu wa hewa, haihimili maji yanayopigwa juu yake. Nyuma ya vigae vya bafu weka bodi ya saruji. Kuhusu moto, jipsamu ina sifa ambayo wengi hawaijui: kama sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele, na moto ukiipiga, maji hayo hugeuka mvuke na kuchelewesha joto kupenya. Ndiyo sababu tundu lililoachwa wazi kuzunguka bomba au waya si suala la sura tu. Lizibe.

Msasa mkavu au sponji

Msasa mkavu unanyoosha vizuri zaidi. Anza na namba 120 au 150, malizia na 180 au 220. Lakini vumbi lake ni baya, na hapa siwezi kusema kwa upole. Ndani yake mnaweza kuwa na madini ya ulanga, maika na silika, chembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, ilipopima vumbi wanalovuta wanaosugua puti, ilikuta baadhi yao wakivuta hadi mara 10 ya kiwango kinachoruhusiwa kisheria huko. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Vaa barakoa halisi ya vumbi ya kiwango cha N95 au FFP2, iliyobana usoni, funga mlango kwa nailoni, na watoto wasiwe karibu. Kama unasugua ukuta wa zamani badala ya mpya, simama kwanza: puti za zamani katika nchi nyingi zilitiwa asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Marekani ilizipiga marufuku mwaka 1977. Ukuta wa umri huo upimwe kabla hujaugusa kwa msasa.

Sponji yenye unyevu haitoi vumbi. Inafaa kwa puti ya ndoo peke yake, na inalainisha kingo za puti bila kukwangua karatasi ya bodi. Udhaifu wake ni kwamba haisawazishi nundu. Inapita juu yake na kuifanya nundu laini. Kwenye nyumba inayokaliwa na watu nachagua sponji, lakini kwa sharti la kupaka tabaka nyembamba tangu mwanzo. Kisu cha sentimita 15 kwa tepu, cha 25 kwa tabaka la pili, cha 30 kwa la tatu, kila tabaka likivuka la chini yake kwa pembeni. Ukipaka hivyo, kunabaki kidogo sana cha kusugua.

Viungo tu, au ukuta mzima?

Marekani wana daraja za umaliziaji kuanzia 0 hadi 5, na mbili za mwisho ndizo zinazotuhusu. Daraja la 4 ni tepu na tabaka mbili zaidi kwenye viungo, na tabaka tatu kwenye vichwa vya skrubu. Daraja la 5 ni hayo yote, kisha puti nyembamba inapitishwa ukuta mzima, ndiyo ile ambayo mafundi wengi huiita skimu.

Uchaguzi unategemea rangi na dirisha. Rangi isiyong'aa kwenye ukuta unaopigwa na mwanga kutoka mbele: la 4 linatosha, na sioni sababu ya kujichosha. Rangi yenye kung'aa, au ukuta ulio ubavuni mwa dirisha kubwa, au dari ndefu yenye taa zilizopachikwa karibu yake: fanya la 5, la sivyo kila kiungo kitasomeka. Kama hutaki kupaka skimu, basi badilisha rangi. Ni rahisi kuliko kubadilisha jua.

Kwa madaraja yote mawili, praima, yaani rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta, ni lazima. Karatasi ya bodi na puti hazinywi rangi sawasawa, na bila praima viungo hutokea kama mistari yenye mng'ao tofauti hata kama umevisawazisha kwa ustadi wote. Praima pia inakuonyesha makosa ambayo weupe wa puti uliyaficha. Ikishakauka, subiri giza liingie, zima taa, na uweke tochi ubavuni mwa ukuta, mwanga ukiuteleza. Kila palipo na kivuli, weka alama kwa penseli, papake puti ya ndoo, sugua, na upake praima hapo tena kabla hujafungua kopo la rangi.